Maharage, Magadi na Chakula cha Haraka

Ninyi mlio katika vikundi, sogeeni karibu na redio, na katibu wa kikundi awe tayari na daftari lake, kwa maana mwishoni yako maswali ya kuzungumza.

Leo tutasema juu ya chakula cha haraka. Tuanze na jambo ambalo kila mama wa Arusha analijua. Saa kumi na moja jioni mtu anarudi kutoka kazini mjini, au sokoni Kilombero, au shambani kwake huko Tengeru. Watoto wana njaa. Maharage yapo ndani, lakini ni makavu, na yakibandikwa hivyo hivyo yatataka saa mbili au tatu motoni. Mkaa ni ghali, na kuni ziko mbali. Basi afanye nini? Mmoja hununua kopo dukani. Mwingine hutia magadi katika sufuria, maharage yakaiva upesi. Wa tatu huwapa watoto chai na mkate, wakalala.

Sikuja kumlaumu mama huyo. Mtu anayetafuta njia ya mkato jikoni si mvivu. Ana kazi nyingi na mikono miwili tu. Shauri letu la leo ni hili: njia ipi ya mkato inatufikisha salama, na ipi inatutoza bei ambayo hatuioni?

Wengine walifanyaje?

Haja hii si yetu peke yetu. Tuwatazame kidogo Wamarekani na Waingereza, maana wao walitutangulia katika kupeleka kazi ya jikoni kiwandani.

Huko Marekani, katika mwaka 1931, kampuni moja ilianza kuuza Bisquick, yaani unga uliokwisha kuchanganywa na mafuta na hamira ya unga, ili mpishi aongeze maziwa tu na kuoka. Baadaye zikaja keki za boksini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikaja chakula kizima cha jioni, nyama na mboga juu ya sinia dogo la bati laini, kimegandishwa kwa baridi, kinachotaka kupashwa moto tu.

Waingereza wakati ule walikuwa katika dhiki. Tangu mwaka 1940 chakula chao kiligawiwa kwa vitabu vya mgao, na mgao huo haukwisha kabisa mpaka mwaka 1954. Wakati wa vita, tangu mwaka 1941, Marekani iliwapelekea nyama ya kopo na mayai ya unga. Kwa hiyo Mwingereza aliutazama upishi wa Mmarekani kwa macho mawili: jicho moja la wivu kwa wingi wake, na jicho la pili la dharau. Wengi walisema, je, keki ya kutoka boksini ni upishi? Mke wa nyumbani amefanya kazi gani hapo?

Lakini nyani haoni kundule. Mwingereza huyo huyo, asubuhi, alikuwa akifungua kopo la maharage na kuyamwaga juu ya mkate. Na maharage hayo yalikuwa ya nani? Ya kampuni ya Heinz, yenye asili yake Pittsburgh, Marekani. Bwana Henry Heinz alipeleka bidhaa zake London mwaka 1886, zikauzwa katika duka la fahari la Fortnum & Mason; na tangu mwaka 1928 maharage ya kopo ya kampuni hiyo yamekuwa yakitengenezwa Uingereza kwenyewe. Siku hizi Waingereza huyahesabu kuwa chakula chao cha jadi.

Hata sisi tumo katika habari hiyo. Katika miaka ya 1950 na 1960, maharage meupe madogo yalilimwa huku kaskazini ili kuuzwa kwa viwanda vya makopo vya ng'ambo, na katika kituo cha utafiti cha Tengeru wataalamu walichagua mbegu zisizoshambuliwa upesi na ugonjwa wa kutu. Udongo wa chini ya Mlima Meru ulimlisha mtu ambaye hakujua Meru iko wapi.

Tena, ndugu zangu, mharage wenyewe na mhindi wenyewe asili yao ni bara la Amerika. Huku kwetu vililetwa katika karne zilizopita. Makande tunayoyaita chakula cha mababu ni watoto wawili wa Amerika katika sufuria moja ya Kiafrika. Basi tusiulize, "Chakula hiki ni cha nani?" Tuulize maswali yaliyo na faida zaidi.

Maswali matatu ya mpishi

Katibu, andika. Mbele ya chakula chochote cha haraka, uliza hivi. La kwanza: ni kazi gani imekwisha kufanywa kwa niaba yangu? La pili: ni kitu gani kimeondolewa? La tatu: ni kitu gani kimetiwa?

Tulijaribu kopo la maharage. Kazi iliyofanywa ni kupika. Kilichoondolewa si kingi. Chakula cha kujenga mwili kimo bado. Kilichotiwa ni chumvi, na mara nyingi sukari. Basi kopo si sumu, lakini bei yake ni mara nyingi ya bei ya maharage makavu, na mtoto asizoezwe chumvi na sukari hiyo kila siku.

Sasa tujaribu unga wa sembe. Kazi iliyofanywa ni kukoboa na kusaga. Kilichoondolewa ni ganda na kiini cha mbegu, mahali penye mafuta mazuri na sehemu kubwa ya vitamini. Wamarekani walijifunza somo la mahindi kwa machozi. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika majimbo yao ya kusini, maskini waliokula unga wa mahindi karibu peke yake walipatwa na ugonjwa uitwao pelagra, ukawaharibu ngozi, tumbo na akili. Watu walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Daktari Joseph Goldberger, aliyeanza uchunguzi wake mwaka 1914, alionyesha kwamba sababu ni chakula. Wenyeji wa zamani wa Meksiko walichemsha mahindi yao pamoja na chokaa, na kwa njia hiyo vitamini iliyofungwa ndani ya punje ilifunguka. Watu wengine walichukua mbegu, lakini elimu hiyo wakaiacha. Sisi, tukila dona badala ya sembe, na tukiweka maharage kando ya mahindi, tunajikinga.

Magadi yetu

Sasa tufike nyumbani. Magadi ni chakula cha haraka chetu wenyewe, hata kama hayana boksi wala picha. Hayauzwi na Mmarekani. Yanauzwa sokoni kwa mafungu. Tuyaulize maswali yale yale.

Kazi yanayofanya ni kulainisha ganda la maharage, na kweli yanaokoa kuni. Yanachoondoa ni vitamini B1, maana vitamini hiyo huharibika upesi katika maji ya magadi. Na yanachotia ndicho kilicho kikubwa zaidi: magadi mengi ya huku kwetu yana floraidi. Fungu moja linaweza kuwa nayo kidogo na fungu la pili nyingi mno, na kwa jicho au kwa ulimi huwezi kuyatofautisha.

Floraidi ni nini? Ni madini yanayotoka katika mawe ya volkano. Ikiwa kidogo sana hulinda meno. Ikizidi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa kuwa ndio mpaka. Mlima wetu ni wa volkano, na chemchemi na mito mingi inayotoka ubavuni mwake inapita mpaka huo. Sehemu za Maji ya Chai na Ngarenanyuki zinajulikana sana kwa jambo hili. Kwa hiyo mtoto wa Meru mara nyingi amekwisha kupata floraidi katika maji. Tukimwongezea nyingine katika maharage, tunamzidishia mzigo.

Matokeo mnayajua. Ni yale meno yenye mabaka ya rangi ya kahawia, ambayo kupigwa mswaki hakuyasafishi. Si uchafu, wala si aibu ya mtu. Meno yaliharibika yakiwa bado ndani ya ufizi, katika miaka kama minane ya kwanza ya maisha. Tunawajua vijana wanaoziba mdomo kwa mkono wanapocheka. Na kwa mtu aliyepata floraidi nyingi kwa miaka mingi, mifupa nayo hukakamaa na kuuma.

Tahadhari moja: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki huwa nzito zaidi. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuchuja floraidi kwa mifupa ya wanyama iliyochomwa. Nyumbani, maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, au ya chemchemi iliyopimwa, ndiyo yafaayo kwa kunywa na kupikia.

Basi tufanye nini?

Bibi zetu walikuwa na hekima ya kutanguliza kazi. Maziwa yaligandishwa mapema ndani ya kibuyu. Mahindi yakishaiva yakachanganywa nayo, loshoro tayari. Haraka ya leo ilitengenezwa jana. Nasi tufanye hivyo.

Usiku, kabla ya kulala, chagua maharage, yaoshe, uyaloweke katika maji mengi mpaka asubuhi. Kazi hii ni ya dakika tano, na haichagui mikono: baba anaweza, na mtoto wa shule anaweza. Asubuhi mwaga maji yale, tia mengine. Chemsha kwa moto mkali. Yasikose dakika kumi za kutokota kwa nguvu, hasa maharage mekundu, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu inayotapisha. Nyanya na ndimu zitiwe baada ya maharage kulainika, maana ukali wake huyafanya yakawie.

Kama kuni ni haba, tengeneza kapu la moto. Chukua kapu kubwa, lijaze majani makavu, acha shimo katikati. Maharage yaliyolowekwa yakisha kutokota nusu saa, weka sufuria na kifuniko chake ndani ya shimo, funika kwa blanketi nzito. Yatazidi kuiva bila moto. Ukirudi, yachemshe tena kabla ya kula. Waingereza walitumia njia hii wakati wa vita ili kuokoa makaa. Hapo Mwingereza hatumcheki, tunamwiga.

Na kama hapana budi kutumia magadi, sufuria ya mtoto isitiwe hata chembe.

Maswali ya kikundi

1. Wangapi kati yetu hutia magadi katika maharage, na kwa sababu gani?
2. Taja vyakula viwili vya haraka mnavyonunua. Viulizeni maswali matatu ya mpishi.
3. Maji tunayotumia yamekwisha kupimwa floraidi? Kama bado, nani katika kikundi atakwenda kuuliza ofisi ya maji au kwa bwana afya?
4. Leo usiku, nyumbani kwako, nani ataloweka maharage?

Swali la nne lijibiwe kwa vitendo.