Mtoto Anayerudia "Jero, Jero"

Saa 1 asubuhi Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo jijini Dar es Salaam, umekwisha kuamka. Mabasi ya mwendokasi yanaelekea Gerezani, bodaboda zinapenya kati ya mikokoteni, na spika ndogo za wamachinga zimeanza kurudia sauti iliyorekodiwa ya bei ya shilingi mia tano: jero, jero, jero. Mkazi wa Kariakoo hasikii tena kelele hizo, masikio yake yamezoea. Mtoto mwenye usonji anayepitishwa hapo kwenda shule anaweza kuzisikia zote kwa mkupuo, honi na spika na geti la duka linaloburuzwa, kila moja kwa nguvu ileile. Akifika darasani ameziba masikio kwa viganja, au amejilaza sakafuni na hataki kuguswa. Hapo ndipo kipindi cha kwanza cha mwalimu wake kinapoanza, na hakina hesabu wala herufi.

Watu wengi wakimwona mtoto huyo humwita mtukutu. Wataalamu wanajua kwamba kelele zinaweza kumuumiza kwelikweli. Mwaka 2013, chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kilipotoa toleo la 5 la mwongozo wake wa utambuzi, namna mtu anavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso iliingizwa rasmi miongoni mwa dalili za usonji. Walimu na wazazi walikuwa wameliona jambo hilo miaka mingi kabla halijaandikwa.

Eneo hili la Ilala lina historia yake katika elimu maalumu. Uhuru Mchanganyiko, shule ya msingi ya serikali iliyo Kariakoo, imesomesha pamoja wanafunzi wanaoona na wasioona, wenye ualbino, wenye ulemavu wa akili na viziwi wasioona. Msimbazi Mseto, nayo ya serikali, ina kitengo cha watoto wenye usonji. Kwa mzazi wa Buguruni au Ilala asiyemudu karo ya kituo binafsi, kitengo cha namna hiyo ndicho tegemeo.

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano, mahusiano na watu, na kushikilia mazoea. Mtoto huzaliwa akielekea huko, na malezi mabaya hayausababishi. Daktari Leo Kanner alieleza habari za watoto 11 wa aina hiyo mwaka 1943 huko Marekani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Ukilitumia kadirio hilo kwa wakazi milioni 5.38 wa Mkoa wa Dar es Salaam waliohesabiwa katika sensa ya 2022, unapata watu zaidi ya 42,000. Hiyo ni hesabu ya kukisia tu, lakini inatosha kuonyesha kwamba vitengo vichache vya shule za serikali haviwezi kuubeba mzigo huu.

Sasa turudi kwenye jero. Si ajabu mtoto wa mitaa hii asiyejua kuomba maji akawa anarudia mwito wa mmachinga kutwa nzima, kwa lafudhi ileile na mkato uleule wa sauti. Nyumbani humkemea anyamaze. Zamani hata wataalamu waliona kurudia huko ni kelele zisizo na maana, zinazopaswa kukomeshwa. Mwaka 1981 watafiti Barry Prizant na Judith Duchan walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba watoto hutumia maneno wanayoyarudia kwa shughuli mbalimbali: kukubali, kuomba, kushika zamu katika mazungumzo, hata kujituliza. Mwalimu aliyefunzwa vizuri huuliza mtoto analisema neno hilo lini. Je, ni anapoona pesa? Anapotaka kutoka nje? Anapoogopa? Akishagundua, humpa neno lenye kazi hiyohiyo mahali pa lile la kuazima. Huenda "jero" ikawa "nataka" baada ya wiki mbili, huenda ikachukua mwaka mzima.

Wapo pia wasiosema kabisa. Mtoto kama huyo humshika mwalimu mkono akauvuta mpaka kwenye ndoo ya maji. Asiyejua huona anasumbua, kumbe ameomba maji kwa njia pekee aliyo nayo. Kwa watoto hao, Andy Bondy na Lori Frost walianzisha mwaka 1985, huko Delaware nchini Marekani, utaratibu wa kubadilishana picha: mtoto anampa mwalimu picha ya kitu, mwalimu anampa kitu chenyewe papo hapo. Unafanya kazi vizuri, ila picha zilizochorwa ng'ambo hazimfai mtoto wa Dar es Salaam. Mkate wenye nyama katikati na basi la shule la manjano havimwambii kitu. Kinachomfaa ni picha ya simu iliyopigwa kwenye kikombe chake mwenyewe cha uji, chapati anayoijua, bajaji inayomleta, na choo cha shule yake kikiwa na mlango uleule. Pengine hata picha ni mapema mno, na mwalimu huanza na kitu chenyewe: kikombe kikionyeshwa, ni saa ya uji. Vifaa vingine haviko mbali. Vizibo vya soda hupangwa kwa rangi, na maboksi ya dukani yakisimamishwa pembeni ya darasa hugeuka kona tulivu ya mtoto aliyezidiwa.

Njia ya kuufikia ualimu huu kwa wengi hupitia Chuo cha Ualimu Patandi, Tengeru mkoani Arusha. Kwa muda mrefu mafunzo ya huko yaligawanywa zaidi katika fani za wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa akili, na usonji ukapewa nafasi ndani ya fani hiyo ya mwisho. Mgawanyo huo una kasoro yake. Baadhi ya watoto wenye usonji wana ulemavu wa akili, wengine hawana, na wapo wanaosoma gazeti kabla hawajaweza kusalimia. Mwalimu aliyefundishwa kumrahisishia kila mtoto masomo atamchosha mtoto wa namna hiyo, na mtoto aliyechoshwa hupiga meza.

Tena mwalimu huyu hufanya kazi za watu watatu. Kitengo kilichokamilika kingekuwa na mtaalamu wa tiba kwa vitendo na wa tiba ya usemi, fani ambazo wataalamu wake bado ni wachache nchini. Wasipokuwapo, ni yeye anayemfundisha mtoto kushika kijiko, kufunga kifungo, kuvumilia sare inayomwasha, na kwenda chooni bila kukumbushwa. Hakuna mtihani wa taifa unaoyapima hayo. Mama ambaye kwa miaka 9 amembadilisha mwanawe nguo mara nne kwa siku anajua yana uzito gani, na mkaguzi wa shule angestahili kuyaandika kwenye ripoti yake kama anavyoandika ufaulu wa darasa la saba.

Upande wa wazazi una kazi yake, nao ni mgumu. Wengine hufika shuleni mtoto akiwa na miaka 8 au 10, baada ya kuzunguka kwa waganga wakiambiwa ana jini. Wengine wamechoka kuitwa wazazi wa "zezeta" ndani ya daladala. Mwalimu huwaelekeza hospitali, Muhimbili haiko mbali na Kariakoo, na huwaeleza kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto wao haki ya kusoma kama watoto wengine. Mtoto ambaye akiwa na miaka 2 haitiki jina lake, haonyeshi kitu kwa kidole, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, apelekwe sasa. Asisubiri umri wa darasa la kwanza.

Na kwa wafanyabiashara wa mitaa inayozunguka shule hizi kuna ombi moja dogo: kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi, watoto wanapopita, punguzeni sauti za spika.