Wanafunzi walivyotandika joto la jua chini ya sakafu

Askari aliyewahi kushika lindo la usiku katika nchi ya milimani anafahamu vyema kwamba baridi huanzia miguuni. Hata avae koti zito namna gani, ikiwa nyayo zake zimekanyaga sakafu ya saruji iliyopoa, mwili wote hutetemeka. Ni kwa sababu hiyo wanadamu, tangu kale, walitafuta njia ya kulileta joto kutoka chini badala ya kuliacha lielee juu ya vichwa vyao. Katika makala haya tutaeleza jinsi wanafunzi wa vyuo vikuu wanavyoweza kuiunganisha hekima hiyo ya kale na nguvu za jua, na jinsi kazi hiyo itendwavyo hatua kwa hatua.

MASHINDANO YA NYUMBA ZA JUA

Mwaka 2002 Wizara ya Nishati ya Marekani ilianzisha mashindano yaitwayo Solar Decathlon. Timu 14 za vyuo vikuu zilibuni nyumba, zikazijenga kwa mikono ya wanafunzi wenyewe, zikazibomoa vipande vipande na kuzisafirisha hadi uwanja wa National Mall, mjini Washington, usio mbali na jengo la bunge la nchi hiyo. Huko zilisimamishwa upya na kupimwa katika mambo kumi, miongoni mwayo usanifu, maji ya moto, taa na raha ya wakazi. Nyumba hizo zilitakiwa kuendeshwa kwa nguvu za jua peke yake.

Chuo Kikuu cha Colorado kilishinda mwaka 2002, kikashinda tena mwaka 2005. Mwaka 2007 na mwaka 2009 ushindi ulichukuliwa na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt, Ujerumani, ambacho nyumba zake zilibidi kuvuka Bahari ya Atlantiki. Baadaye mashindano ya namna hiyo yalifanyika Madrid, Hispania, mwaka 2010, na mwaka 2019 yaliingia katika bara letu la Afrika, katika mji wa Ben Guerir nchini Morocco.

Sharti moja ndilo linalotuhusu leo. Katika mashindano ya mwaka 2009, joto la ndani ya nyumba halikutakiwa kushuka chini ya nyuzi 22.2 za Selsiasi wala kupanda juu ya nyuzi 24.4. Huko nje ulikuwa mwezi wa Oktoba, wakati ambapo baridi ya Washington huanza kuuma. Mwaka 2005 hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa maana mvua na mawingu yalilifunika jua siku nyingi, na nyumba zilitegemea betri zake tu. Katika hali kama hiyo, kila wati inayotumiwa kupasha chumba joto ni wati iliyonyang'anywa taa, jiko au jokofu. Timu iliyokuwa na ubadhirifu katika joto ilijikuta gizani.

KWA NINI SAKAFU?

Katika nchi za baridi, nyumba nyingi hupashwa joto kwa vyuma vinavyotundikwa ukutani, ambavyo ndani yake hupita maji ya moto. Kwa kuwa vyuma hivyo ni vidogo, maji yake yalizoea kupashwa hadi nyuzi 60, hata 80. Jua linaweza kuyafikisha maji huko, lakini kwa shida, hasa wakati wa baridi. Maana kadiri maji yanavyozidi kuwa moto, ndivyo mtambo wa juu ya paa unavyozidi kupoteza joto hewani.

Sakafu haihitaji moto mkali kiasi hicho. Kwa vile eneo lake ni kubwa, maji ya nyuzi 30 hadi 40 yanatosha. Sakafu yenye nyuzi 29, katika chumba chenye nyuzi 20, hutoa takriban wati 100 kwa kila meta moja ya mraba. Nyuzi 29 ndicho kipimo cha juu ambacho mafundi wa Ulaya hukiruhusu mahali ambapo watu hukaa, ili nyayo zisiungue wala miguu isivimbe. Katika nyumba iliyozibwa vizuri, hata nusu ya kiasi hicho ni nyingi.

Faida hiyo huonekana pia pale maji yanapopashwa kwa pampu ya joto, yaani mashine inayofanya kazi kama jokofu lililogeuzwa, ikivuta joto la nje na kulisukuma ndani. Mashine hiyo yaweza kutoa joto mara tatu au nne ya umeme iliopewa, na hufanya kazi kwa wepesi zaidi ikiwa maji yanayotakiwa si ya moto sana.

Tena, maji ni ghala jema la joto. Tangi la lita 500 likipoa kutoka nyuzi 50 hadi nyuzi 30 hutoa karibu kilowati-saa 11 na nusu. Kama nyumba inahitaji kilowati 1 na nusu usiku, tangi hilo litaitunza kwa muda wa saa saba na nusu hivi. Jua la mchana ndilo linalolala chini ya nyayo za wenyeji hadi karibu na alfajiri.

JAMBO SI GENI

Warumi wa kale walijenga sakafu za mabafu yao juu ya viguzo vifupi vya matofali, kisha wakapitisha hewa ya moto kutoka tanuri katika uwazi ule. Wakorea nao, kwa karne nyingi, waliuongoza moshi wa jiko kupita chini ya mawe ya sakafu kabla haujatoka kwenye bomba, na njia hiyo waliiita ondol. Katika karne ya 20, msanifu mashuhuri wa Marekani, Frank Lloyd Wright, alitandika mabomba ndani ya zege la nyumba ya Jacobs, mjini Madison, iliyokamilika mwaka 1937.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, maelfu ya nyumba za Levittown, karibu na New York, zilipashwa joto kwa mabomba ya metali yaliyozikwa katika zege. Miaka ilipopita, mabomba mengi yalitoboka, na haikuwapo njia ya kuyatengeneza ila kuvunja sakafu au kuyaacha kabisa. Ndipo wahenga waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa uliozikwa, nani atauona? Jibu lilikuja kwa kuvumbuliwa aina ya plastiki ngumu isiyoshika kutu, ambayo mhandisi wa Kijerumani Thomas Engel aliitengeneza katika miaka ya 1960. Mabomba ya plastiki hiyo ndiyo yatumikayo mno hivi leo.

KAZI YENYEWE

Hatua ya kwanza ni kuziba chini. Fundi hutandaza tabaka la povu gumu, ili joto lisikimbilie ardhini. Asiyefanya hivyo atawapasha joto siafu na mchwa. Kando ya kuta zote huwekwa ukanda laini, kwa maana sakafu ikipata joto hutanuka, na isipopewa nafasi hupasuka.

Hatua ya pili ni hesabu ya mabomba. Tuseme sakafu ina meta za mraba 60, na mabomba yanaachana sentimeta 20. Kila meta ya mraba itameza meta 5 za bomba, na sakafu nzima meta 300. Bomba hilo haliwezi kuwa moja, kwa kuwa maji yangefika mwisho yamekwisha poa, na pampu ingelemewa. Basi hugawanywa katika mizunguko minne ya meta 75 hivi, na desturi ni kwamba mzunguko mmoja usizidi meta 100. Mizunguko yote huanzia na kuishia katika bomba kuu la mgawanyo, ambapo kila mmoja una vali yake.

Kanuni kuu hapo ni hii: mzunguko mmoja, bomba moja. Kiungo hakifichwi chini ya sakafu, isipokuwa kwa dharura, na kikifichwa mahali pake huandikwa katika ramani.

Hatua ya tatu ndiyo inayomtofautisha fundi na mbabaishaji. Kabla ya kufunika, mabomba hujazwa maji na kutiwa shinikizo la mara nne hadi sita ya lile la hewa. Geji hutazamwa. Sindano ikishuka, kuna mahali panapovuja, na kazi husimama hadi papatikane. Hata zege linapomwagwa, shinikizo huachwa vivyo hivyo, ili koleo la mfanyakazi likitoboa bomba, geji iseme papo hapo na si baada ya mwezi.

Hatua ya nne ni subira. Sakafu ya saruji haipashwi joto kabla ya siku 21 kupita. Kisha huanza na maji ya nyuzi 25 kwa muda wa siku tatu, na ndipo joto likaongezwa. Anayefanya haraka hupata nyufa.

Hatua ya mwisho ni kutoa hewa. Kila mzunguko hufunguliwa peke yake, na maji husukumwa kwa nguvu hadi mapovu yaishe. Hewa iliyobaki ndani huzuia maji, na upande mmoja wa chumba hubaki baridi wakati mwingine una joto.

NYUMBA INAYOSAFIRI

Hapa ndipo wanafunzi hukutana na tatizo ambalo fundi wa kawaida halijui. Nyumba yao hupandishwa kwenye malori, husafiri mamia ya kilometa, kisha husimamishwa kwa siku chache tu. Tabaka la saruji lenye unene wa sentimeta 6 na nusu lina uzito wa kilo 130 kwa kila meta ya mraba, yaani karibu tani 8 kwa sakafu nzima. Tena saruji ile yaweza kupasuka njiani, na siku 21 za kungoja hazipatikani.

Njia mojawapo ni kuiacha saruji. Chini ya mbao za sakafu hutandikwa bamba jembamba za alumini zenye mfereji, na bomba hukandamizwa ndani ya mfereji huo. Alumini husambaza joto zaidi ya mara elfu moja kuliko ubao, hivyo joto la bomba huenea upande kwa upande badala ya kubaki mstari mmoja. Sakafu huwa nyepesi, na huweza kubebwa.

Kuhusu viungo, njia iliyo salama ni kukipa kila kipande cha nyumba mizunguko yake yenyewe, ili bomba lisivuke mahali nyumba inapokatwa. Vipande vikikutanishwa uwanjani, kinachounganishwa ni mabomba makuu tu, mahali pa wazi ambapo mkono na tochi hufika. Kabla ya safari maji humwagwa, maana maji yakiganda ndani ya bomba huweza kulipasua. Na baada ya kufika, jaribio la shinikizo hurudiwa tangu mwanzo. Timu isiyorudia jaribio hilo hucheza bahati nasibu na kazi ya miaka miwili.

KASORO ZAKE

Haifai kuisifu sakafu hii kupita kiasi. Kasoro yake kubwa ni uzito wa mwendo. Sakafu ya zege huchukua saa nyingi kupata joto, na saa nyingi kulipoteza. Ikiwa usiku umekuwa wa baridi na sakafu imeshiba joto, kisha asubuhi jua likaingia kwa nguvu madirishani, chumba hupanda juu ya kipimo, na alama hupotea ingawa pampu imezimwa. Kwa sababu hiyo timu kadhaa zilichagua mashine za kupuliza hewa ya moto, ambazo huitika upesi. Sakafu ya alumini huitika haraka kuliko ya zege, lakini ghala lake la joto ni dogo. Mwenye kujenga hana budi kuchagua moja, akijua analolipata na analoliacha.

YATUPASAYO SISI

Msomaji aweza kuuliza: haya yana faida gani kwa nchi za Ikweta? Katika sehemu zetu nyingi hayahitajiki. Lakini tusisahau kwamba katika nchi za juu, kama Kabale, usiku huweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi, na watu huingiza sigiri ya makaa ndani, wakafunga mlango na madirisha, wakalala. Makaa hayo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala huenda asiamke. Sigiri ya makaa isilale pamoja na watu, iwe ni katika nyumba, katika hema au katika kibanda cha lindo.

Mengine yaliyomo katika kazi ya wanafunzi hao hayahitaji fedha nyingi. Kuziba nyufa za mlango, kuweka tabaka kavu kati ya kitanda na saruji, kulielekeza dirisha mahali jua linapoingia, na kupasha maji ya kuogea kwa tangi jeusi juu ya paa: hayo yote ni elimu ileile. Na ile desturi ya kukagua kabla ya kufunika inamfaa kila askari, awe anapanga mzigo katika lori, anafunga bunduki baada ya kuisafisha, au anatandika bomba la maji la kambi. Kilichokwisha kufunikwa hakikaguliki. Kwa hiyo ukaguzi utangulie, na kifuniko kifuate.