Injini ya Dizeli Inapochemka: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kumwita Fundi

Zipo kata katika wilaya za Tarime na Serengeti ambako injini ya dizeli ndiyo inayosaga mahindi na mtama, na ndiyo inayopandisha maji ya kisima hadi kwenye tangi. Injini hiyo ikichemka hadi ikanoki, kama wasemavyo mafundi, wachotaji hurudi kwenye malambo na mito. Kwa vijiji vilivyo kando ya Mto Mara, kurudi mtoni ni kurudi kwa mamba.

Takriban theluthi moja ya joto la dizeli iliyoungua hupaswa kuondolewa na maji. Wenzetu wa Rorya, wilaya iliyomegwa kutoka Tarime mwaka 2007, wanalo ziwa: boti yenye injini ya ndani huvuta maji, huyapitisha na kuyatema. Hofu yao kubwa ni tundu la kuvutia maji kuzibwa na gugumaji, mmea ulioonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Nahodha hutazama maji yatokayo pamoja na moshi. Yakikoma, huzima injini papo hapo. Sisi tulio mbali na ziwa hutumia maji yale yale, yakizunguka katika rejeta au yakichemka ndani ya hodhi.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mashine ya silinda moja ya kulala, yenye hodhi la wazi juu yake, imeundwa ili maji yake yachemke. Mvuke si ugonjwa. Ugonjwa ni hodhi kukauka. Mwendeshaji aongeze maji kidogo kidogo wakati bado yamo. Yakishakauka, azime na kusubiri ipoe kabisa, kwani maji baridi yakimwagwa juu ya chuma cha moto hupasua silinda hedi. Tena, katika miinuko ya mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, hivyo hodhi la huku huanza kutoa mvuke mapema kuliko la pwani.

Kwa injini yenye rejeta, kuchemka ni dalili ya hitilafu. Mfuniko usifunguliwe ingali moto: maji yaliyobanwa hufoka na kuunguza uso na mikono. Mwendeshaji apunguze mzigo kwanza. Ikiwa maji yanavuja au mkanda umekatika, azime bila kungoja. Ikipoa, atazame kimo cha maji, mkanda wa feni na mipira. Kwenye mashine za kusaga, unga na vumbi hujaza mapezi ya rejeta. Brashi laini na maji vyatosha kuyasafisha. Mpira wa juu ukiwa moto na wa chini baridi, huenda themostati imeganda au rejeta imeziba. Maji ya kisima yenye chumvichumvi huacha ukoko ndani ya njia zake. Maji ya mvua ni bora zaidi.

Oili nayo ikaguliwe. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, au mapovu yakitoka kwenye rejeta mfululizo, gasketi ya silinda hedi imeungua. Hiyo ni kazi ya fundi, na injini isiwashwe tena. Moshi mweusi huashiria mzigo kupita kiasi au chujio la hewa lililoziba. Chumba kisicho na madirisha nacho huifanya feni kuvuta hewa ile ile ya moto.

Injini ya mradi wa maji haipaswi kufunguliwa na kila mwenye spana. Chini ya Sheria ya Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, iliyoanzisha RUWASA, miradi ya vijijini husimamiwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Mwananchi akiona mvuke usio wa kawaida au kusikia sauti ya kugonga, akitaarifu chombo hicho au ofisi ya kijiji siku hiyo hiyo, mara nyingi kinachobadilishwa ni mkanda tu.