Simu ya Abiria, Mali ya Msafirishaji

Kadi ya nauli ya Oyster humweleza meneja wa treni za chini ya ardhi za London mambo mawili tu: abiria kaingilia kituo gani, katokea kipi. Hapo katikati kabadilishia treni wapi, haijui.

Mwishoni mwa 2016 shirika la usafiri la jiji hilo, Transport for London, lilijaribu kuliziba pengo hilo kwa waifai. Simu iliyowashwa waifai haitulii. Hutafuta mtandao, na inapoutafuta huweza kutoa namba ya utambulisho wa kifaa. Mitambo ya vituo 54 ilinasa namba hizo kwa wiki nne, zikafumbwa zisimtaje mwenye simu. Zilipatikana kumbukumbu milioni 509 kutoka vifaa milioni 5.6. Kati ya vituo vya King's Cross na Waterloo pekee, abiria walionekana kupita njia 18 tofauti, na takriban wanne katika kila 10 hawakufuata zile mbili zinazopendwa zaidi. Mpanga ratiba asingekisia hayo akiwa ofisini.

Julai 2019 kazi ikawa ya kudumu. Abiria huonywa mapema kuhusu msongamano. Shirika nalo limepata hoja ya biashara: anayekodisha ukuta wa matangazo au chumba cha duka kituoni anaweza kumwonyesha mpangaji ukubwa wa umati unaopita hapo. Asiyetaka kuhesabiwa ameambiwa azime waifai. Ni jibu jepesi mno kwa mtu anayeitegemea waifai hiyohiyo kuwasiliana na nyumbani akiwa chini ya ardhi.

Abidjan, Ivory Coast, hawakuhitaji hata mitambo ya vituoni. Mwaka 2013 watafiti wa IBM walichambua kumbukumbu bilioni 2.5 za simu za wateja wa kampuni ya simu ya Orange, minara ikiwaonyesha watu watokako na waendako. Walikadiria kwamba kurekebisha njia chache za mabasi kungepunguza muda wa safari kwa asilimia 10.

Nairobi, wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu zinazonasa mawimbi ya setilaiti, na 2014 ikatoka ramani ya bure ya njia zaidi ya 130. Kazi safi, ila kwa mwenye matatu faida yake ni ndogo. Yeye hungoja makusanyo ya jioni, na njia yake imeandikwa kwenye leseni. Akijua watu wamejaa mtaa wa pili, hawezi kuhamia huko kesho yake.

Data hizi humlipa mwenye kauli juu ya njia, magari na ratiba kwa pamoja. Dar es Salaam, mabasi ya mwendokasi yanaikaribia hali hiyo. Daladala bado.