Mganga Aliyefundisha Waganga

Mtoto wa Bonga, karibu na Babati, akishikwa na homa, wazazi wake humpeleka zahanati. Huko humkuta mganga au mwuguzi aliyezaliwa na kusomeshwa katika nchi hii, naye humwuliza kwa Kiswahili mahali panapomwuma. Zamani mambo hayakuwa hivyo. Waliojua uganga wa hospitali katika Afrika ya Mashariki walikuwa wachache, nao karibu wote walitoka ng'ambo. Mmoja wa watu walioanza kuyageuza mambo hayo ni Albert Cook wa Mengo, katika nchi ya Uganda.

Cook alizaliwa London mwaka 1870, akasomea uganga Uingereza. Mwaka 1896 alishuka Mombasa pamoja na wamisionari wenzake. Wakati huo reli ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kujengwa. Basi wakaenda kwa miguu, wapagazi wakichukua mizigo, hata wakafika Mengo mwezi wa Februari 1897. Katika msafara huo alikuwamo mwuguzi, Katharine Timpson, ambaye Cook alimwoa mwaka 1900.

Mwezi wa Mei 1897 hospitali ya Mengo ilifunguliwa. Wagonjwa wakaja wengi, nyumba ikawa ndogo, ikajengwa kubwa zaidi. Mwaka 1902 radi iliipiga nyumba hiyo ikateketea, wakajenga nyingine ya matofali.

Lakini palikuwa na adui mkali kuliko moto. Mwaka 1901 Cook na ndugu yake Jack, aliyekuwa mganga pia, waliwatambua wagonjwa wa malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Katika miaka iliyofuata malale iliua watu zaidi ya 200,000 kando ya Ziwa Victoria. Nani angeweza kuwahudumia watu wengi hivyo? Waganga wawili au watatu hawatoshi, hata wakikesha kila usiku. Mkono mmoja haulei mwana.

Basi Cook akaona kwamba kutibu peke yake si kazi ya kutosha, imempasa kufundisha. Alijifunza Kiganda, akatunga kitabu cha maneno ya uganga kwa lugha hiyo, ili mganga na mgonjwa wasikilizane. Aliandika habari za kila mgonjwa: dalili zake, dawa aliyopewa, na mwisho wake. Kwa maandiko hayo mtu aliweza kujifunza ugonjwa kwa kuulinganisha na mwingine, wala si kwa kubahatisha.

Mwaka 1917 alianzisha shule ya kuwafundisha vijana Waafrika kazi ya uganga. Vijana wale hawakufanywa madaktari kamili, bali wasaidizi. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa. Baadaye mafundisho hayo yaliendelea na kukuzwa na serikali huko Mulago na Makerere. Naye Katharine aliona jinsi kina mama wengi na watoto wachanga walivyokufa wakati wa kuzaa. Mwaka 1921 shule ya wakunga ilifunguliwa Mengo, na wasichana waliohitimu wakapelekwa vijijini, mbali na hospitali, kuwasaidia wazazi huko huko kwao.

Katharine alifariki mwaka 1938, na Albert mwaka 1951, huko huko Uganda. Kazi yao haikufa pamoja nao. Makerere ilikua ikawa chuo cha kufundishia madaktari wa Afrika ya Mashariki yote. Vijana wa Tanganyika walisafiri mpaka huko kusomea udaktari, hata shule ya uganga ilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963. Katika chuo cha Makerere maktaba ya uganga inaitwa kwa jina la Albert Cook mpaka leo, na maandiko yake juu ya wagonjwa wa Mengo yamehifadhiwa humo.

Mganga anayetibu tu huponya wagonjwa wa siku zake. Anayefundisha wengine huponya pia wagonjwa ambao yeye mwenyewe hatawaona kamwe.