Tumbo la mtoto mchanga: lini ungoje, lini ukimbie

Ndugu mzazi wa hapa Rugerero, si kila kilio ni ugonjwa. Tumbo la mtoto mchanga bado linajifunza kazi yake.

Kucheua maziwa huku uzito unaongezeka ni kawaida. Wengi huacha kabla ya mwaka 1. Kilio kirefu cha jioni huzidi karibu na wiki ya 6, kisha hupungua kufikia miezi 3 au 4. Mtoto wa miezi 2 anayenyonya tu anaweza kukaa siku kadhaa bila choo. Kikitoka laini, hajafunga choo, hata kama alijikamua na kulia kwanza.

Mbebe wima baada ya kunyonya. Usimpe maji, sukari wala miti shamba, wala usimtie dawa kwa njia ya haja kubwa. Mpaka miezi 6 ziwa la mama latosha, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na muuguzi.

Lakini akitapika kijani au damu, choo kikiwa na damu, tumbo likivimba, akiwa na homa au akikataa ziwa, mpeleke kituo cha afya mara moja. Usingoje asubuhi. Na asipoongezeka uzito, mwambie muuguzi siku ya kupima.