Siri na Elimu

Askari hufundishwa kutunza siri, na ni haki. Lakini si kila siri ni silaha. Katika miaka ya 1950 Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti zilitafuta kwa faragha njia ya kuunganisha viini vya haidrojeni ili kupata nishati, kama lifanyavyo jua. Kila nchi ilikwama pale pale: plazma, yaani gesi yenye moto mkali mno, ilichoropoka katika mitego ya sumaku. Mwaka 1958, mjini Geneva, pazia likafunguliwa. Mwaka 1960 Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki likaanzisha jarida la elimu hiyo.

Mwaka 1968 Warusi walitangaza mafanikio ya mtambo wao, tokamaki. Wengi walitia shaka. Mwaka 1969 wataalamu wa Uingereza wakaenda Moscow na vipimo vyao wenyewe, wakathibitisha, wakachapisha. Na vita baridi ilikuwa ingali ikiendelea.

Uganda ni mwanachama wa Shirika hilo tangu 1967. Kijana anayesoma chuo kikuu huko Kansanga, Kampala, anastahili kuzifikia kurasa hizo. Jambo lililoandikwa hadharani huweza kupimwa hata na mpinzani; na thamani ya ushahidi wa namna hiyo, polisi haambiwi.